Kupunga upepo kwa mpango: mwongozo kamili wa bahari, mikoko na miti ya Mombasa kwa afya na masomo ya watu wa nyumbani kwako

Mombasa jambo hili tunalo na jina lake tangu zamani. Jua likianza kulala, mtu huchukua leso ya kutandika, humwambia jirani "twende tukapunge upepo", wala haulizwi kwa nini. Bibi zetu hawakungoja daktari awaambie kwamba chumba kimoja chenye watu saba huchosha kichwa, na kwamba nusu saa mbele ya bahari humrudisha mtu nyumbani akiwa mwingine. Kilichopotea ni ile namna yenyewe ya kupunga. Siku hizi tunakwenda Lighthouse, pale mbele ya bahari, ndani ya gari, vioo vimepandishwa, muziki juu, kila mmoja na simu yake na pakiti ya kachri mapajani. Huko ni kula kachri mahali pengine tu. Sina ugomvi na kachri, lakini tusiite hivyo kupunga upepo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani. Yaliyomo humu yametokana na miaka ya kupeleka watoto nje, kukosea, na kwenda tena. Hayagharimu pesa nyingi. Yanataka ratiba, na kujua siku ya leo bahari iko wapi.

Hatua ya kwanza: hesabu dakika zako kabla ya kuongeza hata moja

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Walioripoti kukaa dakika 120 au zaidi kwa wiki kwenye bustani, misitu au ufukweni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Chini ya dakika hizo tofauti haikujitokeza. Haikujalisha kama mtu alizimaliza kwa siku moja au alizigawa. Utafiti huo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, maana mwenye afya ndiye pia mwenye nguvu za kutoka. Mimi nimeichukua 120 kama kipimo cha kuanzia, kama vile mpishi anavyoanza na kikombe kimoja cha mchele kisha akaongeza kwa macho.

Chukua kalamu. Andika wiki iliyopita siku kwa siku: ulikuwa wapi nje, karibu na mti, nyasi au maji, na kwa dakika ngapi. Kusubiri matatu chini ya mwarobaini huhesabiwa, ila kama simu ilikuwa mfukoni. Mara ya kwanza nilipojihesabia nilipata dakika 35, nami ndiye mwalimu wa kuhubiria wengine.

Kwa watoto hesabu ni ngumu zaidi. Mtoto wa Mombasa ana shule, ana tuisheni, ana madrasa, na muda unaobaki unamezwa na simu ya mamake. Nafasi nilizoziona mimi ni tatu: kati ya alasiri na magharibi siku mbili tatu za wiki, asubuhi mapema siku isiyo ya masomo, na Jumapili baada ya adhuhuri. Mara tatu za dakika 20 karibu na nyumba, pamoja na safari moja ya saa nzima, tayari 120 imetimia.

Hatua ya pili: chagua pahali pawili, pa karibu na pa mbali

Pa karibu ni pale unapofika kwa miguu bila kuoga upya wala kubadili nguo. Wanaokaa Mji wa Kale wana ule upande wa bahari kuzunguka Fort Jesus. Wengine wana bustani ya Uhuru Gardens pale penye Pembe, yale matao ya pembe za ndovu ya Moi Avenue, au Treasury Square. Na kama mtaani kwenu hakuna bustani, tafuta mti mmoja tu mkubwa: mwembe wa nyuma ya msikiti, mkwaju wa uwanjani, mkungu wa karibu na kisima. Usiudharau. Mti mmoja unaoutembelea kila siku unafaa kuliko msitu unaouona mara moja kwa mwaka.

Pa mbali ni pale pa saa nzima. Mama Ngina Waterfront, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, ina mibuyu mikubwa na upepo wa mlango wa Kilindini, na meli zinapita karibu kiasi cha kusoma majina yake. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sisi wote tunauita Pirates, ni mzuri asubuhi mapema na ni soko Jumapili jioni. Ukitaka utulivu, nenda alfajiri; kina mama wengi waliovaa buibui wameniambia ndio wakati pekee wanaotembea kwa raha bila macho ya watu.

Halafu kuna Haller Park, Bamburi, ambako mimi hupeleka kila darasa angalau mara moja kwa sababu ya hadithi yake. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe la matumbawe lisiloota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miti ya aina mbalimbali, na mmoja wa iliyostahimili ulikuwa mvinje. Lakini majani yake yalianguka yakalala tu, hayaozi. Akaleta majongoo, hawahawa tunaowaruka njiani wakati wa mvua. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na leo pale pana msitu. Mtoto akiisikia hadithi hiyo amekaa kwenye kivuli cha miti yenyewe, somo la mboji halimtoki.

Hatua ya tatu: soma bahari kabla ya kutoka

Hapa ndipo nilipoaibika. Mwaka mmoja nilipanga kupeleka watoto arubaini kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Nikaangalia kalenda ya shule, nikaangalia pesa za basi, nikaangalia maji ya kunywa. Bahari sikuiangalia. Tulipofika maji yalikuwa yamejaa hadi matawini. Watoto arubaini wakasimama barabarani wakitazama vilele vya miti, na mzee mmoja mvuvi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mwezi wa ngapi leo?" Hakuwa akiuliza Juni au Julai.

Kanuni yake ni rahisi, na nyumba yenye kalenda ya Kiislamu tayari ina nusu ya jibu ukutani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 hivi, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo kwetu hapa maji hupwa kabisa karibu saa nne, saa tano asubuhi. Ndio wakati wa kutembea mwambani na kuingia mikokoni. Kila siku inayofuata nyakati zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 23 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na asubuhi utayakuta yamejaa. Hizo ni siku za kukaa chini ya mti ukaangalia. Jedwali kamili la saa utalipata kwenye simu, lakini mvuvi yeyote atakwambia bure.

Na upepo nao usome. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari ni safi na joto ni kali: toka mapema au jioni. Kusi inapovuma, katikati ya mwaka, ufuo hujaa mwani na mawimbi ni makubwa, lakini hali ya hewa ni baridi kiasi cha kutembea hata saa nne. Watu hulalamika kwamba mwani unanuka. Mimi huwapa watoto vijiti wauchambue. Ndani yake kuna kaa wadogo na vipande vya matumbawe vya kutosha somo zima.

Hatua ya nne: ukifika, fanya kidogo

Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Rachel na Stephen Kaplan, walieleza mwaka 1989 kwamba tuna makini ya aina mbili. Moja ni ya kujilazimisha: ya mtihani, ya kuhesabu pesa dukani, ya kuvuka Digo Road. Hiyo huchoka. Ya pili ni ile inayovutwa yenyewe, na wimbi, na jani, na ndege anayesuka kiota. Ya pili ikifanya kazi, ya kwanza hupumzika. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho waliwatembeza watu kwa muda usiofika saa moja, mara katika bustani ya miti, mara katika barabara za mjini, wakiwapima kabla na baada kwa kuwataka warudie tarakimu kinyumenyume. Baada ya miti walirudia vizuri zaidi. Baada ya barabara, hapakuwa na nafuu ya maana. Na hata waliotembea kwenye baridi kali bila kufurahia walifaidika. Kwa hiyo usijilaumu kama siku ya kwanza utachoka na kuona upuuzi.

Basi ukifika, zima simu au iache kwa mtu. Kaa. Dakika tano za mwanzo kichwa kitaendelea kupiga kelele za kodi na stima, kiache. Kisha chagua kitu kimoja cha kufuata kwa macho, dau linalovuka au mchwa wanaopanda gome. Ukitaka kutembea, tembea kama mtu asiye na miadi. Viatu unaweza kuvivua ikiwa mchanga hauna chupa. Mazungumzo yanaruhusiwa, umbea pia, mradi usiwe wa kwenye simu.

Hatua ya tano: masomo ya mtoto

Anza na jaribio lile la tarakimu, nyumbani, kabla ya kutoka. Msomee mtoto "nne, tisa, moja", naye aseme "moja, tisa, nne". Ongeza tarakimu moja moja hadi akosee, andika alipofika. Mkirudi baada ya dakika 30 chini ya miti, mpime tena kwa tarakimu nyingine. Mtoto mmoja siku moja haithibitishi kitu, lakini fanyeni mara kumi mchore jedwali, tayari amejifunza sayansi na hisabati bila kujua. Kwa watoto wasiotulia darasani kuna utafiti wa Marekani wa 2009 ulioona kwamba matembezi ya dakika 20 bustanini yaliwasaidia watoto wenye tatizo la kukaza makini kuliko matembezi ya muda uleule mjini. Tangu nilipousoma siwanyimi tena mapumziko watoto watundu kama adhabu. Ndio wanaoyahitaji kuliko wote.

Sababu nyingine ni macho. Mwangaza wa nje, hata kivulini, unazidi wa darasani mara nyingi sana, na mwangaza huo husaidia kuzuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi, hali inayomfanya asione vya mbali. Huko Guangzhou, Uchina, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilipata watoto wachache zaidi wa namna hiyo baada ya miaka mitatu. Mtoto wako akianza kukodoa macho kuona ubao, mpeleke kwa daktari wa macho kwanza, kisha umtoe nje.

Sasa mikoko, ambayo kwangu ndiyo darasa bora kuliko yote Mombasa. Usianzie huko matopeni. Anzia chumbani, kwenye nyumba yoyote ya zamani ya Mji wa Kale: mwonyeshe mtoto dari, boriti zilizopangwa moja moja. Mwulize zimetoka wapi. Vyumba vingi vya kale ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti ni mti wa mikokoni. Akishaelewa kwamba bahari ndiyo iliyopima chumba cha babu yake, mpeleke akauone mti wenyewe.

Mfundishe majina, maana jina likipotea mti nao hauonekani. Wote huwa "mikoko" tu. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi ya magongo, kama umesimama kwa vidole. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama mkuki mdogo, kisha huanguka ikajichomeka topeni au ikaelea hadi pengine. Mchu una mizizi inayochomoza kama penseli elfu zilizosimamishwa. Ndiyo pua zake, kwa kuwa tope halina hewa. Mwambie mtoto alambe jani la mchu. Lina chumvi, kwa sababu mti unaitoa kupitia majani. Sijaona somo la kukumbukwa kuliko hilo la ulimi. Mkandaa ndio ambao gome lake lilitumika kutilia rangi na kutengeneza ngozi. Mlilana unakaa mbele kabisa, upande wa bahari, unapigwa na mawimbi ya kwanza. Kisha waache wachore mpangilio: nani yuko mbele, nani nyuma, na kwa nini.

Kwa wadogo zaidi, mbuyu wa Mama Ngina unatosha. Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu. Leso ngapi zinauzunguka mbuyu? Nani anakisia karibu zaidi? Mwambani maji yakipwa, mtafute kiti cha pweza na jongoo bahari, waangalieni, mvirudishe palepale mlipovikuta. Simbi na kauri zibaki huko. Katika hifadhi ya bahari ya Mombasa kuzichukua hakuruhusiwi, na konokono aliyemo ndani hajahama.

Hatua ya sita: mgonjwa, mzee na mzazi aliye ndani

Si kila mtu anaweza kwenda Pirates. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walilala kwenye dirisha linalotazama miti, nusu kwenye lililotazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti walitoka mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu chache zaidi. Wagonjwa 46 ni wachache, na ilikuwa hospitali moja, ila kusogeza kitanda ni kazi ya dakika kumi na haina madhara.

Kwa hiyo sogeza kitanda. Mzee aone kitu kinachotikisika: mnazi, mwembe, hata shada la yasmini kwenye chungu. Aliyejifungua na yuko ndani siku zake arubaini, mwekee kiti barazani asubuhi kabla jua halijakali, yeye na mtoto, dakika 15. Mamangu ana presha, na tangu aanze kukaa chini ya mkungu wetu kila alasiri analala vizuri zaidi. Vidonge vyake hakuviacha hata siku moja, na wewe usimwachishe mtu dawa kwa sababu ya upepo.

Hatua ya saba: nyumba ya ghorofa isiyo na ua

Kwetu mimea ya nyumbani imeingia kwa pua kabla ya macho: mrehani, yasmini, mkadi wa kikuba. Anza na mrehani na mchaichai kwenye makopo dirishani. Mrehani wangu wa kwanza ulikufa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Tangu hapo naumwagilia maji ya kuoshea mchele. Shubiri huvumilia hata ukiisahau.

Jihadhari na visahani vya chini ya vyungu. Mbu anayeleta homa ya dengi huuma mchana na hutaga kwenye maji madogo yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja na siku kadhaa. Jaza mchanga kwenye visahani, au vimwage kila Ijumaa ukifagia.

Mambo ya kuangalia

Kati ya saa nne na saa tisa jua letu halina huruma, tafuta kivuli. Mwambani vaa viatu vya soli ngumu, kwa ajili ya miiba na samaki aina ya taa waliojifukia mchangani, na uanze kurudi pwani kabla maji hayajaanza kugeuka, maana hujaza vijito vya nyuma yako kwanza. Baada ya mvua kubwa usimtie mtoto baharini karibu na mifereji ya mji. Usitandike mkeka chini ya mnazi wenye nazi, hata kama kivuli chake ni kizuri. Jioni nendeni kwa kundi.

Kuweka kumbukumbu

Tumia nyuma ya kalenda ya ukutani. Kila siku andika dakika, mahali, na usiku ule mtu alilalaje. Mwenye presha aandike na kipimo chake kila anapopimwa. Mtoto, tarakimu zake. Baada ya wiki sita utaona pahali gani panawafaa watu wako na pahali gani mnakwenda kwa mazoea tu. Sisi tuligundua Jumapili jioni ya Pirates inatuchosha zaidi kuliko kukaa nyumbani, tukaihamishia Jumamosi alfajiri.

Ya kuanzia: angalia leo mwezi ni wa ngapi. Kama ni tarehe 13, una siku mbili za kutafuta viatu.